Nizikeni Bila Sanduku

Wewe uliyeambiwa leo, kula kwanza. Siku niliyoambiwa mimi, nilitoka hospitalini nikapita hoteli zote za mjini Nyeri bila kuona hata moja, nikafika nyumbani Mukurweini tumbo likinguruma, kisha nikalia kwa njaa nikidhani nalia kwa sababu ya ugonjwa. Mambo hayo mawili hufanana sana ukiwa umechoka. Kula, halafu ulie.

Naandika sasa kwa sababu mkono wangu wa kulia umekubali tena kushika kalamu, na kwa sababu nilipokuwa mgonjwa nilitafuta mtu wa kuniambia mambo yatakavyokuwa, nikamkosa. Madaktari walinieleza kuhusu uvimbe. Hakuna aliyenieleza kuhusu shemeji.

Uvimbe niliuona mvua ndefu zikianza, nikijipaka mafuta baada ya kuoga. Ulikuwa kwenye titi la kulia, mdogo kama buni ya kahawa. Nikauacha, nikisema ni joto la mwili, nikaendelea kufundisha. Mvua zilipokatika ulikuwa umekua na ngozi iliyo juu yake imejikunja. Nilimwonyesha mume wangu, Gachanja. Alikwenda kuvaa koti lake la Jumapili ingawa siku hiyo ilikuwa Jumanne, tukaondoka.

Benchi la hospitali utalijua vizuri, kwa hiyo nalo nitalisema. Ni refu, limeng'aa kwa kukaliwa. Kila mlango wa daktari ukifunguka, benchi zima linasogea mtu mmoja, nawe unajikuta umekalia joto la mwenzako. Hakuna anayezungumzia ugonjwa wake. Tunaulizana bei ya maziwa, tunasifu watoto wa wengine, na macho yote yako mlangoni. Wakati mwingine nilitaka kusimama nipige kelele. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sikuzoea kungoja nikiwa upande wa wanafunzi.

Kuna jambo lazima nilitaje hapa ndipo utaelewa mengine. Mimi siamini Mungu. Kwetu jambo hili husemwa kwa kuzunguka, ati fulani amepoa, fulani amekosekana kanisani. Mimi sikupoa. Hakuna mchungaji aliyenikosea, wala sikufiwa na mtoto nikakasirika. Imani iliisha kidogo kidogo kama kipande cha sabuni, siku moja nikanyoosha mkono nikakuta hamna. Gachanja alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili yeye anakwenda, mimi ninapogoa kahawa, akirudi tunakula pamoja. Tuliishi hivyo miaka mingi kwa amani. Ugonjwa ndio ulioleta ugomvi.

Kabla ya kuolewa nilifundisha Nyeri mjini, nikapanga chumba kwa Mama Zuhura, Mwislamu ambaye baba yake alikuwa Mnubi na mama yake Mkikuyu. Mama yake alipofariki niliwaona wanawake wakimwosha taratibu, wakizungumza naye kama mtoto anayeogeshwa, wakamfunga sanda nyeupe. Wanaume wakamchukua juu ya kitanda cha kubebea maiti. Kabla jua halijazama kitanda kilikuwa kimerudi kitupu. Makaburini sikufika, kwa maana wanawake wao hubaki nyumbani, nami nilibaki nao. Lakini niliyoyaona yalinitosha. Niliwaza mazishi yetu ya Mukurweini, maiti akingoja wiki nzima, sanduku lenye vishikio vya kung'aa, hotuba, na mwishoni bamba la sementi katikati ya shamba ambalo tayari ni dogo. Juu ya sementi hakioti kitu.

Nikaamua. Nikifa nifungwe shuka, nilazwe kwenye kona ya chini ya shamba, na juu yangu upandwe mti. Bila sanduku, bila sementi, bila mchungaji. Niliwahi kufikiria kuchomwa kama Wahindi wa mjini, lakini nikaona kuni zote zile kwa mwanamke mmoja mwembamba ni uharibifu wa msitu. Mti niliotaka kwanza ulikuwa mparachichi. Binti yetu Muthoni, aliyekuwa akimaliza sekondari, akaniuliza, "Na hizo parachichi zitakuliwa na nani, Mami?" Nikabadilisha, nikasema muringa, maana nyuki hupenda maua yake.

Kwa Muthoni ilikuwa rahisi kusema. Kwa baba yake nilisema pale benchini, siku tuliyokwenda kupewa tarehe ya upasuaji.

"Baba Muthoni, nikifia huko ndani, usininunulie sanduku."

"Nyamaza, Mwalimu. Watu wanasikia."

"Wacha wasikie. Shuka moja na mti. Niambie utafanya."

Mlango ukafunguka, benchi likasogea, tukasogea.

Nilimwuliza tena nyumbani, nikamwuliza tena kahawani. Gachanja ana tabia moja iliyonifanya nimpende na ambayo sasa ilikuwa inanitesa: hawezi kuahidi kitu asichokusudia kukifanya. Mume mwingine angesema, ndiyo mama, pumzika, kisha akafanya yake. Huyu akisema ndiyo, ni ndiyo. Ndiyo maana nilimng'ang'ania. Sikuwa na hofu kubwa ya kufa, au nilikuwa nayo lakini sikujua pa kuishika. Hofu niliyoweza kuishika ilikuwa hii moja, kwamba nikishafumba macho watanifanya niwe mtu mwingine, wanivike imani ambayo si yangu na wanifunike kwa sementi ili nisibishe.

Nililazwa wodini baridi ya mwezi wa saba ilipoanza kushuka na ukungu. Mgeni wa kwanza alikuwa Karanja, kaka mkubwa wa Gachanja, naye pia mzee wa kanisa. Aliketi ukingoni mwa kitanda, kofia magotini.

"Shemeji, mimi sikukuja kugombana. Lakini wewe ukienda hivi, kanisa haitakuja. Gachanja ataitwa mzee wa kanisa alitupa bibi yake kama mbwa. Si useme tu umerudi? Neno moja tu, na tutakuzika vizuri."

"Shemeji, daktari hata hajanoa kisu na wewe umeshanizika?"

"Mimi ninakupenda, ndio maana ninasema."

Na lilikuwa kweli, alinipenda, nalo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu anayekuchukia unaweza kumfukuza.

Siku ya kuamkia upasuaji Gachanja alikuja saa ya wageni na chupa ya uji. Alinimiminia, akanishikia kikombe. Nilimwuliza kwa mara ya mwisho. Nilimwambia kesho huenda nisiamke, na kwamba sitaki kuingia kule bila kujua. Nilisema kwa ukali, wanawake wa vitanda vya jirani wakageuzia nyuso zao ukutani.

Akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, mimi nilikuwa kijana wakati ya Emajensi, ile vita ya Mau Mau," akasema. "Asubuhi moja askari walituchukua sisi wenye nguvu, wakatuambia tuchimbe mtaro. Halafu lori ikakuja imebeba maiti. Hakukuwa na sanduku. Hakukuwa na shuka. Tukaambiwa tufunike. Udongo inaingia kwa macho, inaingia kwa mdomo, na wewe unaona. Mmoja alikuwa shangazi yangu Wambui. Ni mimi nilimmwagia. Kwa uso."

Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniambia. Nilijua tu kwamba hapendi kwenda mazishini, na kwamba akienda husimama mbali na kaburi. Nilidhani ni baridi ya tabia.

"Nikasema mtu wangu hataguswa tena na udongo kwa uso. Mama akikufa, sanduku yake nilitengeneza na mikono yangu. Sasa unaniambia nikufunge shuka nikumwagie. Siwezi. Na sitakudanganya ati ninaweza."

Kengele ya wageni ikalia. Muuguzi akapita akipiga makofi ili watu watoke. Gachanja akasimama, akanifunika miguu, akaenda. Nilimhurumia, na bado nilikuwa nimemkasirikia. Msomaji, mambo hayo mawili hukaa kitanda kimoja. Nilisukumwa kwenda upasuaji bila ahadi.

Niliamka. Upande wa kulia palikuwa na bandeji, na chini ya bandeji palikuwa tambarare. Sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilipapasa pale, nikapapasa tena, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, kisha nikalia hadi kidonda kikavuta. Mkono haukuinuka. Muuguzi mmoja kutoka Kakamega alinikuta nahangaika na kitana, akakichukua bila kuombwa, akanichana nywele huku akinisimulia ugomvi wa ng'ombe wawili wa kwao. Sikumbuki jina la dawa hata moja niliyopewa. Wale ng'ombe nawakumbuka.

Nyumbani Muthoni alinishonea titi. Alichukua kitambaa cha pamba, akakijaza mchele aliopewa na rafiki yake wa Mwea, akapima uzito kwa kiganja hadi akaridhika. Lilikaa vizuri kuliko pamba, ambayo hupanda shingoni ukiinama. Shida ilikuwa kuku. Mshono ulipoachia kidogo, walinifuata kutoka jikoni hadi zizini, punje moja moja. Tulicheka, mimi na Muthoni, hadi nikalazimika kushika kidonda. Nilikuwa sijacheka tangu mvua.

Wiki hiyohiyo nilimkuta Karanja upande wa chini wa shamba na fundi wa mawe, kamba imenyooshwa kando ya makaburi ya wazazi wao.

"Napima tu, shemeji."

"Pima na lako, basi. Wewe ndiye mkubwa."

Fundi alikunja kamba upesi. Karanja hakucheka, wala mimi.

Kisha nikaenda Nairobi kwa matibabu ya mashine. Watu huita kuchomwa, na jina hilo linatisha kuliko mashine yenyewe. Unalala, wanatoka, inalia, wanarudi. Kabla ya hapo wanakuchora kifuani mistari ya zambarau, na mistari hiyo huruhusiwi kuiosha, kwa hiyo wiki hadi wiki unaoga vipande vipande kama paka. Ngozi yangu iligeuka nyeusi kama ukoko wa ugali, ikapasuka, ikatoka maji. Usiipake kitu bila kuuliza. Mwenzangu benchini, mama mmoja wa Sagana, alipaka mafuta ya kupikia na akajuta. Huko benchini tulikuwa wanawake watupu, na kule tulizungumza. Tulilinganisha mistari. Tuliwacheka waume. Asubuhi moja mama wa Sagana hakuja, wala kesho yake, na hakuna aliyeuliza. Tulisogea tu.

Nilikaa kwa binamu yangu mtaa wa Eastlands. Muthoni alikuja kuniona, akaniambia Mzee Ramadhani, mume wa Mama Zuhura, amefariki.

"Nani alienda kwa niaba yangu?"

"Baba."

"Baba yako? Mazishini?"

"Alienda. Tena mpaka makaburini."

"Akasema nini?"

"Alirudi viatu vimejaa udongo, akaviosha mwenyewe, akakaa."

Nilingoja aniambie mwenyewe. Nilipomaliza matibabu nikarudi Mukurweini, hakuniambia. Tulizungumza habari za mbolea. Yeye alilala upande wangu usiouma, mimi kwa upande mwingine, na lile swali lilikuwa katikati yetu kama mtoto mgonjwa. Nilikuwa nimechoka kuuliza. Nilianza kufikiria kumwomba Muthoni, nikaona aibu kumtwika msichana wa umri ule vita na baba yake mkubwa.

Kahawa ikaiva. Madaktari walikuwa wameniambia mkono huu niulinde kama yai, usikwaruzwe, usibebe mzigo. Lakini matawi yalikuwa mekundu na vibarua hawakutosha, nikaingia kuchuma. Kijiti kikanikwaruza karibu na kiwiko, jeraha dogo ambalo zamani nisingeligeukia. Wewe usifanye hivyo. Kesho yake mkono ulikuwa umevimba hadi vidole havikunjiki, mwekundu, unawaka. Homa ikapanda. Mvua ya vuli ilikuwa imeikata barabara, hakuna gari lililoweza kupanda kilima chetu. Nilikaa kitandani meno yakigongana, na nilipofumba macho nikaona mistari ya zambarau ikitembea.

Nyumba yetu ni ya mbao, na ukuta wa chumbani hauzuii neno. Alasiri hiyo nikasikia viti vikivutwa sebuleni. Karanja alikuwa amekuja na wazee wawili wa kanisa.

"Gachanja, tuseme ukweli," Karanja akasema. "Huyu anaenda leo ama kesho. Mchungaji ako tayari kumbatiza hapo kwa kitanda, hata kama haongei. Akishabatizwa, kanisa itakuja, na fundi ataanza kazi."

Nilijaribu kuinuka. Mwili ulikataa. Nilijaribu kuita, nikatoa sauti kama ya kifaranga. Sijawahi kuogopa hivyo, hata kisu hakikuniogopesha hivyo. Nilikuwa hai, nikisikia kila neno, na watu walikuwa wananigawa.

"Hapana," Gachanja akasema.

"Hapana nini?"

"Hakuna mtu atambatiza akiwa amelala." Kiti kikalia, nadhani alisimama. "Ngoja niwaambie kitu. Nilienda kumzika Mzee Ramadhani. Nilisimama nyuma kabisa. Nilijua wakianza kumwaga udongo, mimi nitakimbia. Lakini wale watu, ndani ya kaburi, kando kwa ukuta, walikuwa wamechimba kama chumba kidogo. Wanaita mwanandani. Wakamlaza huko na shuka yake, kwa ubavu. Wakafunga na mbao, moja kando ya ingine, hata nafasi ya kidole wakaziba. Ndio sasa wakafukia. Mimi nikaomba jembe, nikafukia na wao."

Nikasikia hatua zake zikivuka sebule.

"Karanja," akasema kwa sauti ya chini, "udongo haikumgusa uso. Hata kidogo. Wewe tulikuwa na wewe pale mtaroni. Unajua ninasema nini."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nikasikia mtu akipenga kamasi, nikajua ni Karanja. Kumbe naye alikuwa mtaroni. Sikuwa nimejua hilo pia.

"Huyu nitamzika vile anataka," Gachanja akaendelea. "Mwanandani nitachimba mimi mwenyewe. Mti nitapanda. Na kama mimi nitatangulia, nyinyi mmesikia, na hiyo ndiyo neno yangu."

"Mzee wa kanisa hawezi kusema hivyo," mmoja wa wale wawili akasema.

"Basi mimi si mzee wa kanisa."

Kwetu neno la mwenye nyumba likisemwa mbele ya watu wa aina hiyo halifutiki, kila aliyekuwepo anakuwa mlinzi wake, apende asipende. Gachanja alilijua hilo. Alikuwa amengoja wawepo. Nililia kwa furaha, machozi yakiingia masikioni, na hapo hapo nikashikwa na tamaa ya kuishi ambayo sikuwahi kuwa nayo tangu niugue. Nguvu zangu zote zilikuwa zimekwenda kulinda maiti yangu. Sasa ilikuwa na mlinzi, nami nikabaki na kazi moja tu, kupona.

Hawakungoja barabara ikauke. Walinifunga blanketi juu ya kitanda cha kamba, wanaume wakanibeba kwenye tope hadi barabara ya lami, wakiteleza na kulaumiana. Kona moja ya kitanda aliishika Karanja. Hakunitazama, alitazama njia, na kila tulipoteleza alisema, "Pole, shemeji." Hospitalini walinichoma sindano hadi nikakosa pa kukalia, na homa ikashuka.

Tangu hapo nimepimwa mara nyingi. Mara ya mwisho daktari alisema nirudi baada ya mwaka, na mwaka mzima ni kitu kikubwa sana kumpa mtu kama mimi. Mkono bado huvimba nikichoka. Ubaoni naandika kwa herufi ndogo. Gachanja anakwenda kanisani na kukaa viti vya nyuma, na wapo wanaompita bila salamu. Anasema haimsumbui. Najua inamsumbua.

Kwa hiyo wewe ulioko benchini, sema mapema unavyotaka uzikwe, hata kama unataka yaliyo kinyume na yangu. Sema ukiwa na nguvu za kubishana. Wakikukatalia, waulize wameona nini. Mimi nilidhani nabishana na dini ya mume wangu, na dini ilikuwa sehemu ndogo sana.

Juzi tulikuwa tunachambua kahawa, nikagundua kwamba katika vita vyote hivyo sikuwahi kumwuliza yeye.

"Na wewe, Baba Muthoni? Unataka uzikwe vipi?"

Alijibu pale pale, kama mtu aliyengoja kuulizwa.

"Mimi? Sanduku ya mbao mzuri. Sementi. Msalaba. Kanisa yote ikuje. Na nyimbo tatu, na wewe uimbe."

"Niimbe? Mimi?"

"Kwa sauti. Si kusongesha mdomo."

Nikatoa buni mbovu, moja baada ya nyingine. Kisha nikasema ndiyo, na anajua kwamba siku hizi nami nikisema ndiyo, ni ndiyo. Katika nyimbo hizo siamini hata neno moja. Mbili nazijua tangu nikiwa mtoto wa shule. Ya tatu ananifundisha jikoni, ubeti kwa ubeti, na nikikosea ananirudisha mwanzo.